Bendi ndani ya treni, kamera mkononi, mtoto mapajani

1.
Wiki hii tunasoma historia kidogo, lakini nawaahidi tutaishia kwenye masikio na uso wa mtoto wako. Posti ziko tisa. Soma ukinyonyesha, soma ukisubiri uji upoe. Ukikatizwa, utarudi.

Mmeziona hizo video. Bendi imeingia kwenye treni au basi la watu, mmoja na gitaa, mwingine na ngoma ndogo, mwingine na tarumbeta. Abiria wanashtuka, kisha wanatabasamu, kisha simu zinatoka mifukoni. Video inazunguka dunia nzima na sisi tunaitazama usiku mtoto akishalala. Hata mimi huzipenda, sitawadanganya.

Lakini hebu itazame tena, safari hii usimwangalie mpiga gitaa. Angalia nyuma yake, kwenye viti. Mara nyingi kuna mama amekaa na mtoto. Kwenye ukumbi wa muziki mtu akichoka huinuka akatoka. Huyu mama hawezi kushuka katikati ya daraja. Historia ya muziki na kamera ndani ya usafiri wa umma, ukiichunguza vizuri, ni historia ya abiria huyo asiyeweza kushuka, na ya nani alikumbuka kumuuliza.

2.
Tuanze Uingereza, mwaka 1964. Tarehe 2 Machi, kwenye stesheni ya Paddington jijini London, vijana wanne wa Beatles walipanda treni kuanza kupiga filamu yao ya kwanza, A Hard Day's Night, chini ya mwongozaji Richard Lester. Ndani ya filamu hiyo kuna kipande maarufu: wako kwenye behewa la mizigo wanacheza karata, mara vyombo vinatokea na wimbo unaanza, huku wasichana waliovaa sare za shule wakiwatazama kupitia wavu.

Ukiitazama unaamini kabisa kwamba bendi inapiga papo hapo safarini. Sivyo. Sauti ilikuwa imesharekodiwa studio mwezi Februari, kwenye kamera wakawa wanafuatisha tu kwa midomo na mikono. Na wale wasichana hawakuwa wanafunzi waliokutwa njiani. Walikuwa waigizaji waliolipwa, na mmoja wao, Pattie Boyd, baadaye aliolewa na George Harrison wa bendi hiyohiyo.

Shika jambo moja hapo. Kila aliyeonekana kwenye behewa lile alijua kuna kamera na alikubali kuwepo. Kamera kubwa ya filamu ya siku zile ilikuwa nzito, inahitaji taa na watu wengi wa kuihudumia. Kwa kamera kama hiyo haikuwa rahisi kumpiga mtu picha kwa siri.

3.
Miaka sita baadaye, kiangazi cha 1970, huko Kanada wakafanya kitu kikubwa zaidi. Walikodi treni nzima, wakaijaza wanamuziki: Janis Joplin, Grateful Dead, The Band na wengine wengi. Safari ilitoka Toronto ikaenda Winnipeg hadi Calgary, na kila mji wakawa na tamasha. Waliita Festival Express.

Wale waliokuwemo wanasema raha yenyewe haikuwa kwenye matamasha, ilikuwa ndani ya mabehewa. Walipiga muziki usiku na mchana, watu wa bendi tofauti wakichanganyika, na kamera zikirekodi. Pombe iliwaishia njiani, treni ikasimama Saskatoon wakashuka kununua nyingine! Janis Joplin alifariki Oktoba mwaka huohuo, ndiyo maana picha zile zina uzito wa pekee kwa wapenzi wake. Waandaaji waligombana juu ya fedha, mikanda ikakaa miaka mingi bila kutumika, na filamu ilikuja kutoka mwaka 2003.

Hapa muziki ni wa kweli, unapigwa hapohapo, treni inakwenda kweli. Lakini hakuna mama anayetoka kliniki na mtoto mgongoni. Ni treni ya kukodi, kila aliyepanda alijua anapanda nini. Kwa hiyo 1964 na 1970 zinafanana kwa jambo hilo moja: mwenye masikio na mwenye uso, wote waliulizwa.

4.
Sasa twende New York, kwa sababu huko ndiko muziki ulipogongana na abiria wa kawaida mpaka mahakamani.

Mwaka 1936 Meya Fiorello La Guardia alipiga marufuku wanamuziki wa mitaani. Marufuku hiyo ilidumu hadi 1970. Lakini chini ya ardhi, kwenye treni na stesheni, kupiga muziki kuliendelea kuwa kosa. Mwanamuziki alikuwa anafungua mkoba wa gitaa jicho moja likimtazama polisi.

Mwaka 1985 mpiga gitaa mmoja aliyeshtakiwa kwa kosa hilo alishinda kesi. Mahakama ikaona kwamba kukataza muziki wote moja kwa moja kunavunja haki ya mtu kujieleza. Mwaka huohuo shirika la usafiri la jiji likaanzisha mpango uitwao Music Under New York, ambapo wanamuziki wanafanyiwa majaribio, na wanaopita wanapewa nafasi stesheni.

Ukisoma kanuni zilizofuata utaona mtu fulani alikaa akafikiria wanyonge. Muziki unaruhusiwa stesheni, lakini ndani ya behewa hapana. Vyombo vya kukuza sauti haviruhusiwi kwenye jukwaa la kusubiria treni. Na sauti isizidi desibeli 85 ukiipima umbali wa futi tano, yaani kama mita moja na nusu. Karibu na kibanda cha mkata tiketi kiwango ni desibeli 70 tu, kwa sababu mkata tiketi, kama mama yule, hawezi kuondoka.

Paris nako walifika mahali hapohapo. Tangu 1997 shirika la treni za chini ya ardhi linafanya majaribio na kuwapa wanamuziki vitambulisho vya kupiga kwenye korido za stesheni. Ndani ya mabehewa bado ni marufuku. London walihalalisha wanamuziki wa stesheni mwaka 2003, nao wakawapangia sehemu maalumu za kusimama.

Umeona mstari ulivyochorwa? Stesheni ndiyo, behewa hapana. Stesheni unaweza kutembea ukaondoka. Behewani umefungiwa.

5.
Basi kama behewani ni marufuku, hizi video tunazozipenda zimetoka wapi? Zimetoka kwenye mambo mawili yaliyokuja karibu pamoja: YouTube mwaka 2005, na kamera ndogo zisizohitaji taa wala kundi la wahudumu.

Mwaka 2006 Wafaransa wa La Blogothèque walianza kurekodi bendi nje ya jukwaa: barabarani, kwenye ngazi, popote pale, wimbo ukipigwa mara moja bila kurudiwa. Video yao ya Arcade Fire wamebanana kwenye lifti ya mizigo jijini Paris, mmoja akichana kurasa za jarida kuwa ndiyo ngoma, watu wanaikumbuka hadi leo. Mwaka 2007 Waingereza wakaleta Black Cab Sessions: teksi moja nyeusi ya London, wimbo mmoja, kurekodi mara moja. Kuanzia hapo video ya muziki ikaonekana tamu zaidi ikiwa ndani ya kitu kinachokwenda, katikati ya maisha ya watu.

Halafu Oktoba 2010, bendi ya New York iitwayo Atomic Tom ikapanda treni ya mstari wa B, watu wanne, kila mmoja na simu ya iPhone. Simu moja ni gitaa, nyingine ngoma, nyingine besi, nyingine maikrofoni. Na waliorekodi nao walitumia simu zilezile. Treni ya B inavuka daraja la Manhattan, juu ya maji, nje kwenye mwanga. Hilo ni jambo kubwa kwa mwenye kamera, maana ndani ya handaki kuna giza na makelele ya chuma kinachorudi kutoka ukutani. Video ikatazamwa mamilioni ya mara kwa muda mfupi.

Na mwaka 2014 mtu aliwarekodi vijana watatu wa Too Many Zooz, saksafoni, tarumbeta na ngoma, kwenye stesheni ya Union Square. Hao walikuwa stesheni, si behewani. Video ikasambaa, na miaka miwili baadaye walikuwa jukwaani na Beyoncé. Kwa wanamuziki wasio na fedha, mlango wa namna hiyo si mdogo, tuwe wakweli.

6.
Lakini tazama kilichobadilika. Mwaka 1964 abiria alikuwa mwigizaji. Mwaka 1970 abiria alikuwa mwanamuziki. Kuanzia simu zilipoingia, abiria amekuwa pambo. Mshangao wake ndio unaoifanya video iwe tamu. Mtoto anayecheza kwenye kiti, bibi anayepiga makofi, mtu anayeziba masikio: hao ndio wanaofanya watu waitume kwa marafiki. Bendi inapata jina, mpiga video anapata wafuasi, na yule mtoto hapati kitu isipokuwa uso wake kubaki kwenye simu za watu asiowajua.

Kanuni nazo hazikukua sawasawa. Zile za New York, ambazo zimepima sauti hadi kwa futi na desibeli, kwa kamera zimesema tu kwamba kurekodi kunaruhusiwa ilimradi hutumii taa, vioo vya kurudisha mwanga wala stendi ya miguu mitatu. Yaani walichoogopa ni watu kujikwaa. Uso wa abiria haukutajwa kama kitu cha kupimiwa. Sikio lilipata mlinzi, uso haukupata.

Hivyo viwili, sikio na uso, ndivyo nataka tuvizungumze kama nesi na mama.

7.
Sikio kwanza.

Ndani kabisa ya sikio kuna seli zenye vinyweleo vidogo sana vinavyopokea mtikisiko wa sauti na kuupeleka kwenye ubongo. Seli hizo zikifa hazioti tena, kwa mtoto wala kwa mzee. Na hazifi kwa maumivu, zinakufa kimyakimya. Hilo ndilo linalotuchanganya: tunangoja mtoto alie ndipo tujue sauti imezidi.

Desibeli 85 si namba ya kubahatisha. Ndicho kiwango ambacho wataalamu wa afya ya kazini huweka kama mwisho kwa mtu mzima anayefanya kazi saa 8. Kila ukiongeza desibeli 3, muda salama unakatika nusu: desibeli 88 ni saa 4, desibeli 91 ni saa 2. Shirika la Afya Duniani, kwenye viwango vya kusikiliza muziki kwa vifaa, limeweka desibeli 80 kwa saa 40 za wiki kwa watu wazima, na kwa watoto likashusha hadi 75. Tundu la sikio la mtoto mchanga ni dogo, na sauti nyembamba kali huwa kubwa zaidi ndani yake kuliko ndani ya lako.

Sasa fikiria chombo cha kusafiria. Ni sanduku la bati na vioo. Sauti inagonga, inarudi, inagonga tena. Bendi ya gitaa na sauti za watu tu, bila spika, kwa wimbo mmoja wa dakika tatu, kwa kawaida si tatizo kubwa kwa sikio. Tarumbeta au ngoma karibu na kichwa cha mtoto ni habari nyingine. Na matatu yetu yenye spika chini ya kiti, kutoka mtaani hadi mjini kwenye foleni, asubuhi na jioni, siku tano kwa wiki, hiyo ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko bendi yoyote ya kwenye video. Kenya ina kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo tangu 2009, lakini kanuni haipandi gari na wewe.

Kipimo cha bure: mtu akiwa umbali wa mkono mmoja kutoka kwako, na inabidi upaze sauti ndipo akusikie, hesabu kwamba mmefika kwenye 85 au mmepita.

Ufanye nini? Usikae juu ya spika wala karibu nayo, hata kama ndicho kiti kilichobaki, subiri gari linalofuata ukiweza. Mwombe kondakta apunguze, kwa upole, mkiwa abiria wawili watatu pamoja atawasikia zaidi. Mgeuze mtoto kifuani kwako, sikio moja likiwa upande wako na lile jingine ulikinge kwa kiganja, pua na mdomo viwe wazi apumue. Usimjazie pamba masikioni. Pamba haizuii sauti ya maana na inaweza kukwama. Vifuniko vya masikio vya watoto vipo, vinavaliwa kichwani, kama mnasafiri mara kwa mara ni vizuri kununua. Na tafadhali, mtoto kulala kwenye kelele si ushahidi kwamba kelele ni salama. Mtoto mchanga anaweza kulala popote akichoka.

Mtoto asiyeshtuka kwa mlio mkubwa, au aliyefika miezi 6 na hageuki kutafuta sauti yako, au mwaka umefika na hajaribu hata neno, mlete kliniki asikilizwe masikio. Usingoje aambiwe mkaidi shuleni.

8.
Sasa uso.

Hapa kwetu sheria imekwenda mbele kuliko watu wengi wanavyojua. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Picha inayomtambulisha mtu ni data yake. Kwa mtoto, sheria inataka idhini ya mzazi au mlezi. Na si maneno ya kwenye karatasi tu. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ilipiga shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za watoto mtandaoni bila idhini ya wazazi. Wakati huohuo sehemu moja ya starehe ikapigwa faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja bila ruhusa yake. Tanzania nao walipitisha sheria yao ya kulinda taarifa binafsi mwaka 2022.

Sheria hii haimfuati kila abiria anayerekodi kumbukumbu za nyumbani kwake. Matumizi ya binafsi na ya kifamilia yameachwa nje. Lakini bendi inayotafuta jina, kampuni inayotangaza bidhaa, mtu anayelipwa kwa video zake, huyo hawezi kusema "nilikuwa nacheza tu". Yuko kazini, na mtoto wako yuko ndani ya kazi yake.

Kwa nini nakazania hivi wakati video ni ya furaha? Kwa sababu video ya safarini inasema mengi kuliko uso. Inaonyesha sare ya shule, njia mnayopita, saa mnayopita, na nani anayemshika mkono. Mimi na wewe tunaona mtoto anacheza. Mtu mbaya anaona ratiba.

9.
Basi siku bendi ikipanda gari lenu, na watapanda tu, maana vijana wetu wana vipaji, fanya hivi.

Ukiona kamera, sema mapema kabla wimbo haujakolea: "Kaka, mtoto wangu asionekane tafadhali." Hilo si ombi la ajabu. Anaweza kugeuza simu, anaweza kumfunika uso kwenye video baadaye, ni kazi ya dakika chache. Ukiona video imeshatoka, hifadhi picha ya skrini na kiungo chake, andika tarehe, mwandikie aliyeweka aiondoe. Akikataa, ripoti kwenye mtandao wenyewe, kisha kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data.

Ukiwa wewe ndiye unayerekodi, na hapa wengi wetu ndipo tulipo, wapige wanamuziki, wao wamejitoa waonekane. Simama nyuma ya watoto, si mbele yao. Ukimnasa mtoto wa mtu, muulize mama yake kwa jicho na kwa mdomo. Akikataa, futa mbele yake aone.

Na bendi, kama mnasoma: acheni spika nyumbani, tarumbeta mbali na watoto, wimbo mmoja au miwili, na kabla ya kuanza waulizeni abiria. Festival Express ilikuwa ya raha kwa sababu kila aliyekuwa ndani alitaka kuwemo. Nyinyi mnaingia kwenye gari la watu wanaotoka kazini, wengine wanatoka hospitali, mwingine ana mtoto aliyechomwa sindano leo na ana homa.

Sisemi muziki ufukuzwe. Mtoto anayesikia gitaa la kweli kwa karibu, kwa sauti ya kiasi, anapata kitu kizuri ambacho simu haiwezi kumpa. Mwache atazame, mwache apige makofi, umwimbie wimbo huo tena mkifika nyumbani. Ila wewe uwe ndiye uliyeamua, kwa sababu yeye hana mdomo bado.

Mtumie posti hizi mama mwenzako anayepanda matatu na mtoto kila siku. Wiki ijayo, panapo majaliwa, tutaongea kuhusu masikio yanayotoa usaha na kwa nini mafuta ya kupikia si dawa yake.